Malalamiko ya Wabeba Ngobyi wa Mbuba Juu ya Mgonjwa Anayetembea

Mbuba, Ngara,
Wilaya ya Biharamulo,
Mwezi wa Sita, 1938, baada ya kuvuna maharage.

Kwa Bibi Mganga,
Hospitali ya Misheni.

Bibi Mganga mwenye heshima,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na masista wote, pamoja na ile nyundo yako ndogo ya kugongea magoti ya watu. Sisi huku hatujambo, ila mtu mmoja nyumbani kwangu amezidi kuwa hajambo kupita kiasi, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Ninamshtaki yeye, na wewe ninakushtaki pamoja naye, kwa heshima zote.

Jina langu ni Gozbert Bigirimana, mkulima wa migomba, mkristo wa kigango cha hapa, na mkuu wa ngobyi ya Mbuba. Kwa kuwa wewe ni mgeni katika nchi hii, nieleze. Ngobyi ni machela yetu ya kusuka, ndefu kama kitanda, yenye miti ya kuweka mabegani. Mtu akiugua, mbiu hupigwa, na wanaume wa mlima mzima huja bila kuuliza maswali. Wanne hubeba, wengine hufuata wakiimba na kupokezana. Asiyekuja kubeba, siku yake ikifika hatabebwa. Mgonjwa akifika salama, watu wa nyumba yake hutukamulia rubisi, yaani pombe ya ndizi, nasi hunywa tukisimulia mahali njia ilipoteleza na nani hakuteleza. Mlima wetu unashikamana kwa jambo hilo. Baba yangu aliniachia mti wa mbele, upande wa kulia, na tangu hapo sijamwangusha mtu.

Sasa mke wangu Marsiana. Ugonjwa ulimwanza mwaka ule wa nzige. Tulikuwa shambani, akaniambia kwamba ananiona wawili. Nilifurahi kidogo, lakini akasema mmoja alikuwa anamtosha. Macho yakatulia yenyewe. Halafu miguu ikafa ganzi, ikapona, ikarudi pamoja na mkono wa kushoto, na uchovu ambao haukutokana na jembe wala mimba. Wengine walisema amerogwa. Wengine walisema amechoka na mimi.

Tukamleta kwako kwa ngobyi, na mpaka leo watu wanaisifu safari ile. Mvua ilikuwa inanyesha na hakulowa hata kisigino. Wewe ukamchoma kwa pini, ukamgonga magoti, ukamtembeza sakafuni, ukautaja ugonjwa kwa jina refu ambalo padri mwenyewe alijaribu kuliandika akaacha katikati. Ukatueleza kwamba ugonjwa uko katika ubongo na uti wa mgongo, kwenye nyuzi zinazopeleka amri kutoka kichwani hadi miguuni, kwamba huja na kuondoka unavyopenda wenyewe, na kwamba huna dawa ya kuufukuza. Mpaka hapo nilikuheshimu sana. Mganga anayekiri kuwa hana dawa ni muungwana, nasi wa Mbuba tumewahi kukutana na wa aina nyingine.

Kisha ukaharibu. Ukasema kwamba wenzako wengi kule Ulaya huwaambia wagonjwa wa namna hii walale tu, nawe uliwahi kukubaliana nao, mpaka ulipoona waliolala wakisahau kusimama. Ukamgeukia mke wangu, wala hukunitazama mimi niliyembeba, ukamwambia: "Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, mwili ufanye kazi kidogo. Ukichoka, pumzika. Ukishapumzika, anza tena."

Mambo yote yaliyonipata yametoka katika maneno hayo. Ninayapanga kwa namba ili usije ukayaruka.

1. Mazoezi yako yamenigombanisha na mama mkwe. Uliagiza mgonjwa aketi kwenye kiti na kuinuka, aketi na kuinuka, na mtu amhesabie kwa sauti ili asidanganye. Sisi hatuna kiti, kwa hiyo anatumia kinu kilichopinduliwa, na mwenye sauti hapa nyumbani ni mimi. Asubuhi moja mama yake, Bi Deodata, alifika bila taarifa. Akamkuta binti yake, mgonjwa, anainuka na kuketi juu ya kinu huku jasho linamtoka, na mimi mkwewe nimekaa kivulini nahesabu kama mwalimu anayeadhibu darasa. Kwetu mkwe na mama mkwe hawasemeshani ana kwa ana. Kwa hiyo alimsemesha mbuzi wangu. Alimwambia, "Wewe mbuzi, muulize mwenye nyumba hii binti yangu amekosa nini, kama ni chumvi tutamletea." Mimi nami nikamjibu mbuzi kwamba ni amri ya hospitali. Mbuzi akaondoka, na mazungumzo yakaishia hapo. Kesho yake Bi Deodata aliita wazee wa ukoo waje kunihukumu.

2. Mstari wa majivu. Uliagiza atembee juu ya mstari, mguu mmoja mbele ya mwingine, ili miguu ijifunze upya kusikia kichwa. Nyinyi mna chaki, sisi tuna majivu. Nauchora kila alfajiri kutoka mlangoni kwenda kwenye migomba, na kila alfajiri kuku wanauparua. Nauchora tena. Jirani anasema mimi ni mchawi ninayezungushia boma langu dawa, na ameanza kupitisha ng'ombe wake njia ya mbali. Ng'ombe wale ndio waliokuwa wakinipatia samadi. Sitaji hasara yake, lakini migomba yangu inaijua.

3. Wageni wamevurugika. Mtu akiugua, desturi ni kwenda kumpa pole. Unaleta uji kwenye kibuyu, unakaa, unamtazama alivyolala, unaguna, unakumbuka wote waliokufa kwa ugonjwa unaofanana na wake, kisha unarudi nyumbani umefarijika. Sasa wanaokuja asubuhi wanamkuta Marsiana amesimama kwa mguu mmoja, ameshika nguzo ya nyumba, huku akikoroga maharage kwa mkono ule mbovu kwa sababu nao, eti, unahitaji kazi. Wanaona aibu, wanaondoka na uji wao. Wanaokuja adhuhuri, jua likiwa limekwisha kumvunja nguvu kama ulivyosema litakavyofanya, wanamkuta amelala, miguu haimtii, na maneno yanatoka polepole. Hao wanarudi wakilia. Basi wa asubuhi wamekwenda sokoni wakatangaza kwamba mke wangu anajisingizia ugonjwa, na wa adhuhuri wametangaza kwamba hafiki Jumapili. Wakakutana penye viazi, wakashikana kanga. Mimi nikaitwa kuamua, na nilipowaambia kwamba wote wamesema kweli walichokiona, walinigeukia wote kwa pamoja.

4. Ngobyi imedharauliwa. Hili lingekuwa la kwanza, ila nilikuwa na hasira na mbuzi. Marsiana alikuwa mgonjwa wetu bora. Ni mwepesi, halalamiki mlimani, na ugonjwa wake ulikuwa unarudi. Sisemi kwamba tulimwombea augue, Bibi Mganga, usinielewe vibaya. Nasema tu kwamba wabebaji walikuwa wamemzoea. Tangu mazoezi yaenee, ngobyi inaning'inia chini ya paa na kuku ametagia ndani. Bwana Abbasi, mtu wa pwani mwenye duka kule Biharamulo, alipopita na mizigo yake aliitazama, akauliza kwa adabu zote za kwao kama anaweza kuiazima ibebe magunia ya chumvi. Sikulala vizuri. Wabebaji walipochoka kungoja, walikuja wenyewe asubuhi moja wakasimama uani, mabega yako tayari, wakauliza hali ya mgonjwa. Mgonjwa akatoka. Akawaambia kwamba maadamu wamekuja na nguvu zao, maharage yake yana magugu upande ule ambao mkono wake haujafika. Wakalima mpaka jua kuwaka. Hapakuwa na rubisi, na wimbo walioimba wakilima ulikuwa wimbo wa ngobyi.

5. Ugonjwa wa Marsiana hauambukizi, ulituhakikishia hivyo. Lakini hukutuambia kwamba mazoezi yanaambukiza. Wazee walioitwa na Bi Deodata waliongozwa na Mzee Habimana, ambaye kwa miaka mingi tumembeba kila Jumapili kwenda kusali kwa sababu ya nyonga. Hata siku ile ya kunihukumu tulimleta kwa ngobyi. Akaamuru mshtakiwa aonyeshe adhabu anayompa mkewe. Marsiana akamwonyesha kinu, nguzo na mstari. Mzee akatazama sana. Akamuuliza mke wangu inamsaidia nini. Marsiana akajibu, "Shikamoo tena, mzee. Ugonjwa haujaondoka. Ila zamani nilikuwa namwita mtu anipeleke nje kujisaidia, sasa naenda mwenyewe." Hukumu haikutoka mpaka leo. Badala yake Mzee Habimana aliomba achorewe mstari kwake, na sasa anakwenda kanisani kwa miguu na fimbo. Anafika katikati ya mahubiri, waumini wote wanageuka kumsalimia, shikamoo na marahaba zinapita kila benchi, na padri anapoteza mahali alipofika. Padri naye ananilaumu mimi.

6. Binti yetu. Hapa nakuomba uketi kwanza. Esperansia aliolewa mwezi wa Januari huko Kibimba. Bibi harusi wa kwetu hubebwa kwa ngobyi, amefunikwa, asionekane njiani. Ilikuwa kazi kubwa iliyokuwa imebaki kwetu. Tulitoa mayai, tukaisugua miti kwa siagi, tukaivisha shuka mpya. Asubuhi ya arusi msichana alimwona mama yake amefunga kanga ya safari, ameshika fimbo. Akaniuliza mbele ya watu, "Baba, kama mama anatembea, mimi nibebwe kwa ugonjwa gani?"

Akatembea. Walitangulia wawili, bega kwa bega, mwendo wa konokono, wakipumzika kila penye kivuli. Na sisi kwa kuwa mtu hawezi kwenda arusini bila ngobyi, tuliibeba tupu nyuma yao. Nakwambia hakuna kitu kizito kama ngobyi tupu. Watu wa Kibimba walitoka majumbani kumlaki bibi harusi, wakawaona wanaume wanne wazima wanatoka jasho chini ya shuka isiyo na mtu, wakauliza tumemzika wapi.

Kwenye mlima wa mwisho miguu ya Marsiana ilianza kutetemeka. Niliiona. Ninaijua miguu ile kuliko yangu. Nilishusha ngobyi mbele yake, nikafunua shuka, nikamwambia aingie, hakuna atakayemcheka. Aliketi juu ya jiwe mpaka pumzi ikarudi. Kisha akasema, "Baba Esperansia, nikiingia humo leo, na kesho nitaingia." Akainuka kama anavyoinuka kwenye kinu, na mimi, nisikufiche, nilijikuta nahesabu kwa sauti.

7. Namba hii haina mzaha, na sitaki msaidizi wako aisome mbele ya wengine. Mwezi wa Machi ugonjwa ulirudi. Ulirudi wote, miguu, mkono, macho. Wabebaji walisikia, wakaja na ngobyi imesuguliwa, na nyuso zao, Mungu awasamehe, hazikuwa na huzuni tupu. Mimi niliyekuwa nikilalamika kila siku nilisimama mlangoni nikawazuia. Wewe ulituma neno kwamba alale kwanza mpaka ugonjwa upite, asilazimishe, na ukishapita aanze tena kuanzia kwenye vidole. Ulipita. Akaanza kuambua maharage, punje moja moja, kwa mkono usiosikia. Punje ilikuwa inadondoka, anaitafuta, anaishika, inadondoka. Nilitoka nje nikaenda kumwambia mbuzi maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa Bibi Mganga.

Ndipo nilipojua shtaka langu hasa ni lipi. Zamani nilikuwa na mke mgonjwa, na nilijua la kufanya. Akianguka, nabeba. Kubeba nakuweza, nimezaliwa nako. Sasa nina mke mgonjwa anayetembea, ambaye leo anafika kwenye migomba na kesho hafiki mlangoni, na kila asubuhi ninasimama kando ya mstari wangu wa majivu na mikono yangu miwili, sijui niiweke wapi. Nikimshika anasema niache. Nikimwacha, ninaanguka mimi, moyoni. Hospitali yako imempa yeye mazoezi. Mimi hukunipa kitu.

8. Kwa hiyo ninadai yafuatayo. Umwandikie mke wangu amri, yenye muhuri, kwamba awe mgonjwa kwa ukamilifu angalau katika sikukuu kubwa, ili tumbebe kwa heshima na desturi isife. Kama hilo haliwezekani, basi utuhamishie mgonjwa mwingine kutoka wodi yako, hata akiwa mnene, hata akiwa Mprotestanti, tutamtunza vizuri na tutambeba popote, hata asikotaka kwenda. Tena umkataze Mzee Habimana kutembea wakati wa mahubiri.

Na zaidi ya yote umkataze Marsiana jambo moja alilolitangaza tangu maharage yakiwa na maua. Anasema baada ya mavuno atakuja kwako kwa miguu yake kukuonyesha goti lililopona. Kwako ni mbali. Kuna bonde, kuna mlima, kuna jua. Mlima mzima unajua kwamba alikwenda hospitali kwa ngobyi. Akirudi huko kwa miguu, nani tena atapiga mbiu kwa ajili ya nyonga au mafua? Ngobyi itabaki kuwa kiota cha kuku, na mimi nitakuwa mkuu wa kuku. Nisipopata jibu zuri nitalifikisha shauri hili kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kule Biharamulo, ijapokuwa nimeambiwa kwamba nitalazimika kwenda kwa miguu.

Nisalimie masista wote, kila mmoja kwa jina lake. Nisalimie mpishi anayeweka chumvi nyingi, wagonjwa wote waliolala kama inavyopasa, na yule mzee wa getini aliyetupokea siku ya mvua. Bi Deodata hakusalimu, lakini mbuzi anasema angependa. Bado ninakuombea kila jioni, ingawa siku hizi ni kwa kifupi.

Ni mimi mwenye malalamiko,

Gozbert Bigirimana,
Mkuu wa Ngobyi, Mbuba.

Nyongeza: Anayekuletea barua hii ni Marsiana mwenyewe. Nilitafuta mjumbe mlima mzima, na kila mbebaji niliyemsomea alisema hawezi kupeleka maneno kama haya. Yeye nilipomsomea alicheka mpaka akaketi, kisha akasema ataipeleka, maana njia ni yake. Nyongeza hii hakuisikia. Ninaiandika wakati anafunga kanga, na bahasha nitaibandika kwa ugali.

Anaondoka alfajiri hii, usiku atalala Kibimba kwa Esperansia, na kwako atafika siku ya pili kabla jua halijawa kali, Mungu akipenda. Akifika, usimgonge goti mara moja. Mpe kivuli na maji, mwache aketi. Atakwambia hajachoka. Usimsadiki. Kisha akishapumzika mwonyeshe zoezi jingine, kwa sababu mstari wa majivu umekwisha kufika mwisho wa migomba na sijui niuchore kuelekea wapi.

Ukitazama nyuma ya mikaratusi yenu utaona wanaume wanne wamejificha, na mzee mmoja mwenye fimbo aliyekataa kubaki nyumbani. Ni sisi. Tutamfuata njia yote kwa umbali, bila kuimba, na ngobyi tunayo. Tafadhali usituite wala usimwambie. Ngobyi ni ya kuwepo tu. Nimekubaliana na wabebaji, na wameapa, kwamba rubisi iliyokamuliwa kwa safari hii itanywewa ngobyi ikirudi tupu.